Bwana Moore na Konokono wa Ziwa Letu

Kila mwanafunzi aliyefika madarasa ya juu amelazimika kujifunza neno meiosi, yaani ule mgawanyiko wa seli ambao hupunguza kromosomu zikabaki nusu, ili mtoto apate nusu kwa baba na nusu kwa mama. Wengi wetu tumelikariri usiku wa kuamkia mtihani na kulisahau asubuhi ya pili yake. Lakini ni wachache wajuao kwamba mmoja wa mabwana wawili walioliingiza neno hilo katika elimu ya viumbe, mwaka 1905, alikuwa amekwisha kukokota nyavu zake katika Ziwa Tanganyika miaka mingi kabla, na kwamba ziwa hili, tulionalo kila jioni jua likizama nyuma ya milima ya Uvira, ndilo lililompa sifa kwanza, kisha likamnyang'anya. Jina lake ni John Edmund Sharrock Moore. Nimeona habari zake zinafaa kuandikwa katika gazeti letu, maana ni habari za ziwa pia.

Alizaliwa mwaka 1870 huko Swinshaw, katika jimbo la Lancashire, Uingereza, nchi ya viwanda vya kufuma pamba. Alisoma elimu ya viumbe London, katika Royal College of Science, na huko alizoea kazi ya darubini: kukata vipande vyembamba vya mwili wa mnyama, kuvitia rangi, na kuchungulia seli moja moja. Ni kazi ya kuketi. Kama mambo yangekwenda kwa utaratibu wake, angalizeekea mezani pake. Lakini wakati huo wataalamu wa London walikuwa na fumbo lililowasumbua, nalo lilitoka kwetu.

Fumbo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, na Speke akaokota magamba ya konokono na kombe kando ya maji akaenda nayo kwao. Mwaka uliofuata mjuzi wa magamba, Woodward, aliyatazama akashangaa, kwa sababu baadhi yake yalifanana na ya baharini kuliko ya maji baridi. Konokono wa mito na maziwa kwa kawaida huwa na gamba jembamba, laini, lisilo na mapambo, la rangi ya udongo. Hawa wa Tanganyika walikuwa na magamba manene, yenye matuta na mafundo. Baadaye Kapteni Hore, baharia wa misheni ya Waingereza aliyekaa Ujiji, akapeleka mengine, na moja lina miiba mirefu kama taji. Mpaka leo konokono huyo huitwa Typhobia horei kwa heshima yake. Mwingine, akaaye juu ya mawe, amepewa jina la Lavigeria, kwa ajili ya Kardinali Lavigerie aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe. (Sijui kama Mheshimiwa Kardinali alifurahi kupewa konokono.) Kisha mwaka 1883 Mjerumani Böhm akaona ziwani yavuyavu, yule mnyama laini mwenye umbo la mwavuli, ambaye watu wa pwani humjua sana lakini ambaye hakutazamiwa hata kidogo katika ziwa lililo mbali na bahari zaidi ya mwendo wa miezi miwili kwa miguu.

Je, wanyama wa bahari walifikaje katikati ya Afrika? Hilo ndilo swali alilopewa Moore. Royal Society ya London ilitoa fedha, naye akasafiri mwaka 1895 akiwa na umri wa miaka 25. Nawaomba wenzangu wa kidato changu wahesabu: ni miaka sita tu kutoka hapa tulipo.

Alipita njia ya kusini, kwa mto Zambezi na Shire, akavuka Ziwa Nyasa, kisha kwa miguu mpaka ncha ya kusini ya Tanganyika, akafika mwaka 1896. Huko alifanya jambo ambalo waliomtangulia hawakulifanya. Wao waliokota magamba matupu ufukoni, kama watoto waokotavyo. Yeye alitaka mnyama mwenyewe, mzima, mwenye nyama ndani ya gamba lake. Alijua kwamba gamba linaweza kudanganya, kama vile nguo inavyoweza kudanganya kuhusu mtu aliyeivaa. Kwa hiyo alishusha wavu wa kukokota mpaka chini sana, penye giza na tope, akawatoa konokono wa vilindini wakiwa hai, akawahifadhi katika pombe kali, akawapasua na kuchunguza mishipa, moyo na meno yao. Kazi hiyo si rahisi. Wavu hunasa katika mawe, kamba hukatika, na dhoruba za Tanganyika wavuvi wetu wanazijua. Wala hakuvuta wavu peke yake. Walikuwapo wapiga makasia na wapagazi, ambao majina yao vitabu havikuyaweka kama vilivyoweka majina ya konokono. Mimi naona hiyo ni hasara, maana watu wale waliishi na ziwa kabla ya Royal Society kujua kama lipo.

Aliporudi London alikuwa na jibu, tena jibu kubwa. Aliwalinganisha konokono wake na magamba ya kale yaliyogeuka mawe, yatokayo katika miamba ya bahari ya enzi iitwayo Jurasi, iliyokwisha yapata miaka milioni 145 iliyopita. Akaona mfanano wa ajabu. Konokono mmoja wa vilindini aliyemwita Bathanalia alifanana sana na gamba moja la Jurasi. Chytra akafanana na jingine. Na wengine vivyo hivyo. Basi akasema: zamani sana bahari ilifunika bonde la Kongo, ikafika mpaka hapa; bahari ikaondoka, lakini shimo la Tanganyika likabaki na maji yake na wanyama wake, na maji yalipopoteza chumvi pole pole, wanyama wakazoea. Wanyama hao akawapa jina la kundi la halolimniki, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya bahari na ziwa. Kwa wazo hilo ziwa letu lilikuwa kama sanduku la kale lililosahauliwa darini, lenye nguo za mababu ndani yake.

Hebu fikirini jinsi wazo hilo lilivyopendeza. Magazeti na vyama vya wataalamu vililizungumza, kamati maalum ikaundwa London kwa ajili ya Tanganyika, na mwaka 1899 Moore akatumwa mara ya pili, safari hii pamoja na Bwana Malcolm Fergusson, mjuzi wa mawe na upimaji. Sasa hakutazama Tanganyika peke yake. Alitaka kujua kama maziwa mengine nayo yana wanyama wa namna ile. Akaja ziwani tena, akafika ncha yake ya kaskazini, upande wetu huu. Hapakuwa na mji. Wajerumani walikuwa na kituo cha askari Usumbura, na mahali tuitapo Kigobe leo hapakuwa na mtaa wala barabara. Akapanda bonde la Rusizi mpaka Ziwa Kivu.

Kivu ilimpa jambo la kufikiri. Maji ya Kivu hushuka kwa mto Rusizi na kuingia Tanganyika, kwa hiyo maziwa haya mawili ni kama vyumba viwili vyenye mlango kati yake. Lakini wanyama wa Kivu hawakuwa wale wa Tanganyika. Hapakuwa na konokono wenye miiba, wala yavuyavu. Moore alitambua kwamba volkano za Virunga ziliziba bonde na kufanya ziwa la Kivu nyakati za karibuni, kwa hesabu ya miamba, na hapo alikuwa sawasawa kabisa. Akaendelea kaskazini, akapanda Ruwenzori mpaka penye barafu mwaka 1900, akatokea Uganda. Kila ziwa alilolichungua lilimjibu vivyo hivyo: Tanganyika ni peke yake. Habari za safari hiyo alizitoa mwaka 1901 katika kitabu To the Mountains of the Moon, na mwaka 1903 akatoa kitabu chake kikubwa, The Tanganyika Problem, ambamo alikusanya ushahidi wote wa bahari ya kale.

Hapo ndipo ukuta ulipoanza kupata nyufa. Mwaka 1904 mjuzi wa mawe aitwaye Hudleston alionyesha kwamba mfanano wa magamba ya ziwa na ya Jurasi ni wa juu juu tu. Haukupita muda yavuyavu wakajulikana pia katika Ziwa Victoria na katika mto Niger. Basi hawakuwa tena ushahidi wa bahari ya Tanganyika peke yake. Kisha London ikatuma msafara wa tatu, mwaka 1904 na 1905, chini ya Bwana William Cunnington. Huyu alikusanya kila kitu bila kuchagua: kaa, kamba wadogo, minyoo, sifongo, majani ya majini, samaki. Vilipogawiwa wataalamu mbalimbali, kila mmoja akarudisha jawabu lile lile. Ndugu wa viumbe hawa ni wa mito na maziwa ya Afrika, si wa bahari. Wamekuwa wa ajabu kwa sababu wamekaa peke yao muda mrefu mno ndani ya ziwa moja. Leo wataalamu wanakadiria umri wa shimo la ziwa kuwa miaka milioni 9 mpaka 12. Ni mzee sana kwa ziwa, lakini ni mtoto mchanga mbele ya bahari ya Jurasi.

Moore hakuandika tena kitabu kikubwa juu ya ziwa. Alirudi kwenye darubini yake, na mwaka 1905, pamoja na Profesa Farmer, akatoa andiko lenye lile neno la meiosi, ambalo katika Kiyunani maana yake ni kupunguza. Baadaye akaongoza maabara za uchunguzi wa saratani katika Chuo Kikuu cha Liverpool. Akafa mwezi wa Januari mwaka 1947 huko Penzance, mji ulio karibu na ncha ya Uingereza, kando ya bahari. Siku zile zile msafara wa Wabelgiji wa mwaka 1946 na 1947 ulikuwa ukilizunguka ziwa letu; mmoja wao, Capart, alipima kina kwa mlio, akapata mita 1,470.

Kwa desturi habari za mtu hukoma anapozikwa, lakini fumbo la Moore halikuzikwa naye. Kukana bahari ya Jurasi hakujibu swali. Kama konokono hawa ni wa maji baridi, mbona wamevaa nguo za baharini? Kwa nini wajisumbue kujenga magamba mazito yenye miiba, hali binamu zao mtoni wanatosheka na gamba jembamba?

Jibu moja zuri lilitolewa mwaka 1991 na wataalamu watatu, West, Cohen na Baron, waliofanya kazi hapa ziwani. Wao hawakuuliza konokono ametoka wapi. Waliuliza anakaa na nani. Na anayekaa naye ni kaa. Tanganyika ina aina zake za kaa zisizopatikana mahali pengine popote duniani, na mmoja wao, Platythelphusa armata, ana magando makubwa ya kuvunjia magamba. Wataalamu hao walipima nguvu za magamba, wakaona konokono wa Tanganyika ni wagumu kuvunjika kuliko ndugu zao wa maziwa mengine. Wakatazama magamba ya konokono walio hai, wakakuta makovu, mahali palipovunjwa na gando na kuzibwa tena. Basi mambo yalikwenda hivi kwa vizazi vingi: konokono mwenye gamba jembamba aliliwa, mwenye gamba nene akazaa, kaa mwenye gando dhaifu alilala njaa, mwenye gando la nguvu akazaa. Kila mmoja alimfanya mwenzake kuwa alivyo. Baharini nako kaa na konokono wamefanyiana hivyo hivyo kwa muda mrefu, na ndiyo maana nguo zikafanana ingawa koo ni mbalimbali.

Jambo linalonishangaza mimi ni kwamba jibu lilikuwamo ndani ya wavu wa Moore. Kati ya wanyama aliowatoa ziwani walikuwamo kaa. Na mmoja wao alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1899 na yule yule Cunnington ambaye baadaye angekuja kumsahihisha. Konokono waliwekwa katika chupa zao na kaa katika chupa zao, kila kundi likapelekwa kwa mtaalamu wake. Ndivyo elimu ilivyofanyika siku zile, wala simlaumu. Lakini viumbe waliokaa pamoja chini ya jiwe moja, wakiwindana, walipotenganishwa katika chupa walinyamaza.

Na si kaa na konokono tu. Konokono mkubwa aitwaye Neothauma akifa, gamba lake halipotei; katika baadhi ya sehemu magamba yake yametandaza chini ya ziwa kama zulia, na wako samaki wadogo wa jamii ya siklidi ambao huishi humo, hutagia mayai humo, na hukimbilia humo adui akitokea. Wako samaki walao magamba ya samaki wenzao, na midomo yao imepinda, wengine kulia na wengine kushoto. Profesa Hori wa Japani alionyesha mwaka 1993 kwamba wa kulia wakizidi, samaki wanaowindwa huzoea kujilinda upande ule, na wa kushoto hupata nafasi. Yuko kambare mwenye madoa atagaye mayai yake pale ambapo samaki mwingine anataga, na yule, ambaye hulea watoto kinywani, hubeba na mayai ya kambare bila kujua. Vifaranga vya kambare huanguliwa mapema, vikala watoto wa mlezi wao. Hata ndagala na mukeke tuwaonao sokoni wameunganishwa hivyo: mukeke hufuata ndagala, ndagala hufuata vijidudu vya majini, na vijidudu hufuata mwani uotao penye mwanga. Mbali chini, penye mita mia moja au mia mbili hivi kwa kwenda chini, hewa ya oksijeni hukwisha, na hakuna konokono wala samaki awezaye kukaa. Ziwa letu lina kina kikubwa, lakini nyumba ya viumbe wake ni ngozi nyembamba ya juu na ukanda wa kando kando.

Ukanda huo wa mawe ndio wenye jamii nyingi zaidi, nao ndio unaofunikwa sasa. Mvua ikinyesha milimani, mito ya Burundi hushuka na udongo wa mashamba yaliyolimwa kwenye miteremko. Sisi wa Kigobe twaujua mto Ntahangwa, jinsi unavyopita mwekundu kama uji wa mtama na kula kingo zake pamoja na nyumba za watu. Udongo huo wote huishia ziwani. Hutulia juu ya mawe, hujaza nafasi ambamo kaa hujificha, na huziba mwani aulao konokono. Cohen yule yule na wenzake walichapisha mwaka 1993 matokeo ya kulinganisha sehemu mbalimbali za kando ya ziwa: penye tope jingi la kuletwa na mito, aina za viumbe zilikuwa chache kuliko penye maji safi. Mwaka 2003 nchi nne zenye ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza, na mamlaka iliyoundwa kwa mkataba huo makao yake ni humu Bujumbura.

Magamba aliyoyakusanya Moore yamehifadhiwa London katika jumba la makumbusho ya viumbe, na Bathanalia wake bado anaishi Tanganyika, chini penye tope laini, karibu na mwisho wa hewa. Mwanafunzi atakaye kuona kazi ya kaa hahitaji kwenda mbali hivyo. Ashuke penye mawe, kusini ya mji, kwenye barabara iendayo Rumonge, aokote Lavigeria kumi na kuwatazama vizuri ukingo wa gamba, halafu awarudishe majini.